Saa za Kuonana

Kwako Dada mpendwa,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Natumai mguu wako umepona na shemeji kikohozi kimempungua. Sisi huku wazima wa mwili. Ya moyoni nayamwaga hapa, na uniwie radhi, maana nimekasirika tangu Jumanne na hasira hazijanishuka.

Unamjua mkuu wetu wa idara, yule tuliyembatiza Bwana Kidogo Tu. Mwalimu mwenzetu alipoacha kazi, nilibebeshwa masomo yake mawili juu ya matatu yangu, nikaambiwa ni kwa muda kidogo tu. Sasa ni mwaka wa pili. Nasahihisha mitihani jikoni, nasahihisha kitandani, nasoma tasnifu za watu huku sufuria inaungua. Wiki iliyopita akaniita tena. Nikadhani kaona nilivyokonda. Kumbe chuo kimeandaa semina ya kuwafundisha walimu kusawazisha kazi na maisha, Jumamosi, siku nzima, na mtoa mada ni mimi. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu kinyozi hata wembe kanyang'anywa. Nilimuuliza kama anatania. Akasema nitaiweza, ni kazi kidogo tu.

Basi Jumatatu jioni nilikuwa mezani naandaa hiyo mada. Tangu baba wa binti yangu ahamishiwe kazi mbali tuko wawili tu nyumbani, mimi na huyo binti. Akaja akasimama kando, akasema ana neno. Dada, sikuinua hata macho. Nilimjibu kama ninavyowajibu wanafunzi wanaonivizia kwenye ngazi: njoo saa za kuonana, zimebandikwa mlangoni. Hata sikujisikia nikisema. Akaitikia haya, akaenda kulala.

Kesho yake nilikuwa ofisini, wanafunzi wamejaa kwenye benchi nje, kila mmoja na kesi yake ya alama. Nikaita anayefuata. Akaingia yeye, na sare ya shule na begi mgongoni. Shule yao ni jirani na chuo; alikuja kwa miguu akapanga foleni. Nimeambiwa baadaye kwamba walitaka kumpisha, akakataa, akasema mama hapendi watu wanaoruka foleni.

Nilicheka. Nilidhani ni utundu. Alibaki amesimama mpaka nilipomkaribisha kiti. Ndipo akasema, kwa adabu iliyoniumiza kuliko tusi, kwamba anaomba ruhusa ahamie kwako, kwa mama mkubwa, kwa sababu kwako watu hula pamoja na mtu akiongea anasikilizwa. Akaongeza kwamba hajanikasirikia. Afadhali angekasirika. Hapo mtu akagonga mlango kuuliza kama bado nina mwanafunzi ndani.

Nimemkasirikia Kidogo Tu, nimekikasirikia chuo, nimekukasirikia hata wewe na hiyo meza yako. Lakini mdomo uliosema yale ni wangu. Mkuu nimemwambia atafute mwingine wa kuwafundisha wenzangu namna ya kuishi. Jumamosi tutakuja huko, mimi na binti na nguo zake zote. Atakaa kwako mpaka niyarudishe masomo ya watu au nifukuzwe kazi.

Usinipoze, wala usimbembeleze abadili nia kwa kunionea huruma. Ukimpokea nitakununia, najijua. Mpokee hivyo hivyo.

Msalimie sana shemeji na wanangu wote hapo nyumbani.

Ni mimi, mdogo wako.