Unyuzi wa Waya Ndani ya Kabureta Yako

Shabani, mume wangu mdogo,

Salamu nakupa kwa sababu maiti hanyimwi salamu, si kwa sababu hasira zimeniisha. Hazijaisha. Kila aliyepita hapa Old Kampala kunipa pole aliniambia niseme alhamdulillahi, na nimesema, kwa mdomo. Wameshaondoka siku nyingi, mikeka imerudi msikitini, na mimi nina maneno yangu na wewe.

Umekufa kifo cha kijinga. Wengine wanaona haya kukuambia. Mimi bibi yako nimekuogesha kwenye karai tangu mama yenu alipowaacha mlangoni kwangu wewe na mdogo wako Musa, nitakuambia.

Watu wa steji yako ya bodaboda wanasema mlima wa Mbuya una jini. Wengine wanasema lori. Lori lilikuwepo, ndiyo, lakini lilikukuta umeshalala chini. Yule mama uliyempakia na gunia lake la unga alikuja na mkono wake uliovunjika akanieleza: mlikuwa mnapanda, pikipiki ikaanza kusaga meno, halafu gurudumu la nyuma likajifunga ghafla, mkaanguka. Jini hafungi gurudumu, Shabani. Injini inapata moto mpaka pistoni inang'ang'ania ndani, hapo ndipo gurudumu linafunga.

Na siku ya kukuzika wenzako wakakufanyia ile heshima yao. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, lakini niliwasikia mpaka huku, wamesimama nje ya makaburi wanangurumisha pikipiki, honi juu, bomba za moshi zinalipuka. Injini zile zinapozwa na upepo wa mwendo, na wao wamezisimamisha wanazikaanga. Nikawa nalia na huku nawatukana. Masikio yangu yalikuwa yanasikia kilichokuua kikipigiwa ngoma.

Pikipiki waliileta uani, imekunjamana mbele. Nikamwita Fundi Kato afungue plagi ya injini mbele yangu. Kato ananiita Hajati, ingawa Maka mimi nimeiona kwenye kalenda tu. Akasitasita, akasema tungoje arobaini ipite. Nikamwambia afungue. Plagi ikatoka nyeupe kama chaki, na juu ya ule weupe kuna vichembe vinang'aa, ndiyo pistoni yako hiyo iliyoyeyuka. Nikaishika. Sikulia. Nilitamani uwe hapo nikupige kofi.

Maana hukuwa hujui. Marehemu babu yako alipeleka nguo za kuuza mpaka Mityana kwa pikipiki kuukuu kuliko hii yako, na kila Ijumaa kabla ya kuoga alitoa plagi akanionyesha, kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu na yangu mazuri. Rangi ya chai ya maziwa, nenda salama. Nyeusi yenye masizi, petroli inazidi. Nyeupe, moto umezidi, shuka kwenye hiyo pikipiki. Sina shule mimi, nina chuo cha Kurani na darasa la tatu, lakini rangi naijua. Chapati nyeupe haijaiva, plagi nyeupe imeungua, nilikufundisha hivyo hapo jikoni ukacheka mpaka ukamwaga chai. "Mke wangu fundi," ukaniita. Ijumaa ukawa unaniletea plagi kwenye kitambaa, na mimi naigeuzageuza dirishani kama mnunuzi wa dhahabu. Nilikuwa napenda. Sasa nakuambia, nilikuwa naingojea ile Ijumaa.

Kisha ukaacha kuleta. Nikikuuliza, iko sawa Bibi, nachelewa Bibi. Kumbe ulikuwa unanificha.

Kato alipofungua kabureta tukakuta siri. Katika lile tundu dogo petroli inapopitia kwenda kwenye injini, mmepitisha unyuzi mmoja wa waya wa shaba, ncha zimekunjwa vizuri. Kazi safi kabisa. Ndiyo ujanja wenu huo wa steji: tundu likibanwa petroli inapita kidogo, tenki linachelewa kuisha, mnajiona mna akili. Na injini iliyonyimwa petroli inajipika yenyewe. Tena injini ya zamani, mapezi yake ya kupozea yamejaa tope, oili imekuwa uji mweusi, na wewe unaipandisha Mbuya na mtu na gunia. Nikamuuliza Kato nani aliweka. Akasema, "Hajati, wote wanaweka." Sikumuuliza mara ya pili. Niliona jinsi alivyokuwa anatafuta spana iliyoko mkononi mwake.

Sasa nije kwa mdogo wako, maana yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Baada ya arobaini yako mwenyekiti wa steji alikuja na kanzu yake, akakaa, akanywa chai yangu, akasema nafasi yako haiwezi kukaa wazi, nyumba itoe mtu au apewe mwingine. Musa hakungoja nijibu. Akasema yuko tayari. Nilimwangalia yule mtoto, sura ni ile ile yako, na masikio yale yale ya kutosikia. Nikakataa. Akaninunia, akaleta mashangazi, wakanisema kwamba nawanyima vijana riziki. Mwishoni nikakubali kwa sharti: Kato aitengeneze ile pikipiki yako yote, unyuzi utoke, na Ijumaa plagi ije mkononi mwangu kabla sijapakua chakula.

Mwanzoni ilikuja rangi ya chai. Nikaanza kulala. Halafu ikaja imepauka kidogo, akaniambia ni petroli ya siku hizi. Halafu Ijumaa moja nikaona anayoileta ni mpya, haijawahi kuona moto, ameninunulia plagi ya kunionyesha mimi. Unasikia? Wewe ulinificha tu, huyu alitaka kunifanya kipofu. Nikachukua spana nikatoka uani mwenyewe, nikafungua ile iliyo kwenye injini, ikaniunguza vidole. Nyeupe.

Nikamuuliza kama ameshasahau kilichokuua, akaurudisha ule unyuzi. Akaangalia chini, akasema, "Bibi, mimi sipandi milima, nabaki tambarare." Kampala hii yenye vilima kila upande. Nilimwambia anionyeshe hiyo tambarare iko wapi, tuhamie huko sote.

Sikugombana tena. Kadi ya pikipiki ina jina langu, unajua. Ijumaa iliyofuata, Musa akiwa msikitini, nikaita vijana wa mkokoteni, wakaipakia, nami nikafuata nyuma kwa miguu mpaka Katwe kwa watu wa vyuma. Walitaka kuinunua nzima, waiuze tena. Nikakataa. Nikasimama pale na baibui langu, cheche zinaruka, mpaka wakaikata fremu vipande viwili na injini wakaipasua kwa nyundo. Mmoja aliniambia alumini ya injini wataiyeyusha wafanye sufuria. Nikamwambia afanye, angalau sufuria inajua kukaa motoni.

Musa alitoka msikitini akakuta alama ya oili tu pale uani. Akaniambia, "Bibi, umeniua." Nikamwambia aliyekufa yuko makaburini, aende akamwulize kufa kunafananaje. Hilo neno lilikuwa kali. Silirudishi.

Alihama siku ile ile. Sasa anapakua magunia kwenye stoo moja kule Bugolobi, steji imempa mtu mwingine nafasi. Nikikutana naye anavuka barabara. Siku ya Idi alipita mlangoni na kanzu mpya, nikamwona kwenye pazia, hakuingia. Shangazi zako wanasema nimekosa mjukuu wa pili kwa kiburi changu. Waseme. Huyu ananinunia, na mtu anayenuna anapumua. Wewe hata kuninunia huwezi.

Vidole vimeniuma, naishia hapa. Yasini nakusomea kila asubuhi, hiyo haihusiani na hasira. Lala, Shabani. Na nakuahidi jambo moja: sitamwomba Musa radhi, hata aninunie mpaka siku yangu ifike. Siku hiyo atakuja, desturi itamleta, na jeneza langu atalibeba kwa bega lake, na uso wake ameukunja, na miguu yake miwili mizima. Bega la mbele lilikuwa lako, mpuuzi wee. Nimempa yeye.

Bibi yako,
Mwanaidi