Mkia Kwenye Koti la Jinzi

Jumapili, 1 Juni 2025
Asante Bwana, nimemaliza! Wiki tatu za cherehani na macho kuuma. Koti la jinzi la mitumba, shanga mabegani, na nyuma, pale kiunoni — chieno. Mkia wa nyuzi kama aliovaa nyanya yangu, ule wa mke aliyeolewa. Nyuzi nimesokota mwenyewe, nikatia rangi nyeusi, kisha nikachanganya na za rangi ya chungwa. Nyanya hangekubali chungwa. Mimi nalipenda.
Nitalivaa Jumapili ijayo, Pentekoste. Mimi ndiye msomaji wa somo. Miaka kumi na tisa kwa hili kanisa, mara ya kwanza kuitwa mbele.

Jumanne, 3 Juni
Balaa, na kicheko juu yake. Binti yangu Elsie alilijaribu koti nikiwa sokoni, akajipiga picha, akaweka status. Saa sita haijafika, shangazi yake Aluoch amepiga simu kutoka Ahero, amewaka: mahari ya mtoto imeliwa lini na yeye hakuitwa? Maana kwetu msichana havai chieno. Nikamwambia hakuna bwana, hakuna ng'ombe, ni mtoto na simu yake. Hakuamini. Anasema wa Nairobi tunaficha mambo.
Kosa ni langu. Nilimfundisha Elsie kutunga shanga, maana ya mkia sikumfundisha. Jioni nimemkalisha chini. Mke ndiye anayeufunga. Mwanamume asiye mume wake haugusi. Akigusa, ni mbuzi wa kutakasa, na aibu ya kijiji kizima. Elsie akasema, "Kumbe nyanya zenu walikuwa na security." Tulicheka mpaka Baba Elsie akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Alhamisi, 5 Juni
Sijala. Mzee Owiti wa baraza la kanisa amekuja, picha imemfikia. Hata chai alikataa. Koti sawa, shanga sawa, mkia hapana. Ati ni mambo yaliyokufa, hayana nguvu kwa mtu aliyeokoka, yanabaki aibu tu. Niutoe, au Rispa asome badala yangu. Rispa! Katibu wetu wa akina mama, rafiki yangu tangu tuhamie Makongeni.
Nikamuuliza mzee tai yake imetajwa kitabu gani cha Biblia. Akasema nisimletee mdomo.
Baba Elsie alimngoja mgeni afike barabarani. Akauliza, wewe unataka nini? Nikasema nataka kusoma. Akasema ameuliza juu ya mkia. Nikamwambia nataka vyote viwili. Akarudi kwa redio yake. Namjua. Hiyo ni ndiyo.

Jumamosi, 7 Juni
Nakiri mbele zako Bwana: leo nilishika mkasi. Ulikuwa tayari umeingia kwenye mshono. Nikauweka, nikafungua Matendo, somo langu la kesho. Siku ile watu walitoka kila pembe, kila mmoja akakusikia kwa lugha ya kwao. Hakuna aliyeambiwa avue kwanza.
Mkasi umerudi kwa droo.

Jumapili, 8 Juni
Naandika hapa hapa kanisani, wimbo wa pili unaendelea. Mwandiko mbaya, samahani.
Asubuhi Baba Elsie aliunyoosha mkia mwenyewe, polepole, uzi kwa uzi. Yeye ana ruhusa.
Mlangoni, Mzee Owiti. Watu wote wanaangalia. "Mama Elsie, toa hiyo kitu. Ama niitoe mimi."
Nikamgeuzia mgongo. "Haya mzee. Itoe."
Niliangalia juu ya bega. Mkono wake ulikuja, ulikuja — ukasimama hewani, shubiri moja hivi kutoka kwa nyuzi. Akaurudisha, akautia mfukoni! Mwana wa Siaya huyo, wa kwetu kabisa, miaka sabini. Mambo yaliyokufa, eti. Nikamwuliza polepole, asikie yeye peke yake, "Kwani unaogopa mbuzi, mzee?" Nikapita, nikakaa benchi ya mbele.
Sasa amemtuma Rispa na leso, anifunge kiunoni nifunikwe. Rispa amekaa kando yangu, leso imekunjwa magotini. Amenong'ona, "Nifanye nini, dadangu?" Nimemwambia sijui. Mimi nasoma.
Ubeti wa mwisho. Mzee amesimama kwenye njia ya katikati, mkono bado mfukoni. Pasta anaangalia karatasi yake, anamwangalia mzee, ananiangalia mimi. Bwana, nishike.
Pasta ametaja somo. Jina la msomaji hajataja.
Naweka kalamu. Rispa ameikalia leso, amevuta magoti kando nipite —