Tangazo la Kifo Lisilo na Lakabu

Nyumba ya Mtakatifu Rita,
Qala, Gozo,
Malta.
16 Novemba 1996

Mpendwa mdogo wangu Vitor,

Salamu kwanza, maana mama yangu alinifunza kwamba hata mtu unayetaka kumkaba koo humjulia hali kabla. Hujambo? Wifi yangu Lynette hajambo? Darren na Kylie wanaendeleaje na shule? Ule mgongo uliokuwa unakusumbua umepoa? Nauliza kwa dhati. Mimi mwili mzima, ila goti la kushoto linanitesa nikipanda ngazi za kanisa. Huku mvua za kwanza zimenyesha na mashamba yameanza kuwa kijani. Binti yangu Graziella anakusalimu, ingawa ilibidi nimlazimishe.

Haya, salamu zimekwisha.

Nimekukasirikia, Vitor. Nimekukasirikia mpaka kalamu inatoboa karatasi, nawe unayaona matundu yenyewe. Nilisema ningoje hasira ishuke ndipo niandike kwa adabu. Leo ni siku ya kumi na moja tangu mazishi na haijashuka. Halafu asubuhi hii Salvu mchonga mawe akanijia mlangoni na karatasi yako ya faksi, ile ya bamba la kaburi la baba yako.

Nimeiona. Tai mwenye vichwa viwili, taji, upanga, na maneno: "Carmelo Buttigieg, wa ukoo mtukufu wa Aragon." Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: LAKABU ISIWEKWE. Salvu kaigeuza juu chini, akaniambia, "Ġiġa, mimi nimechonga malaika, nimechonga mashada na misalaba, lakini kuku wa vichwa viwili sijawahi. Huyu ndiye Karmnu wetu? Na punda wake yuko wapi?" Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwambia arudi Jumatatu.

Sasa nikwambie jambo nililokuficha. Uliponiuliza kwa simu mazishi yalikuwaje, nilikujibu yalikwenda salama. Nilikudanganya. Wewe ulikuwa unalia huko, nami sikutaka kukutia msumari wa moto kwenye kidonda. Leo nakwambia kweli yote.

Baba yako, baba yangu mkubwa, mtu aliyeishi Qala miaka themanini na mmoja bila kugombana hata na paka, alizikwa na watu kumi. Mimi na Graziella. Padri. Wanaume wanne wa gari la maiti, waliokuwa kazini. Wale bibi wawili wasiokosa maziko ya mtu yeyote. Na wa kumi nitamtaja baadaye, ukae vizuri kitini.

Kisa nini? Kisa wewe!

Kumbuka. Alipokata roho hospitalini kule Malta, kisiwa kikubwa, mtu wa kwanza niliyempigia simu ni wewe. Ukaniambia, "Tangazo niachie mimi, dada, mimi ndiye mwanawe." Nikaona ni haki yako. Nikashughulika kumvisha suti yake na kungoja karatasi za hospitali, kesho yake nikavuka naye kwa feri, kutoka bandarini moja kwa moja kanisani. Sikujua umeandika nini. Tangazo lako lilisomwa kwenye redio ya parokia mara tatu, likabandikwa mlango wa kanisa: "Amefariki Carmelo Buttigieg, miaka 81, mkulima, wa ukoo wa kale wenye asili ya Aragon. Ameacha mwana aliye ng'ambo." Basi. Lakabu hakuna. Jina langu hakuna. Hata Karmnu umemnyima, ukamwita Carmelo kama vile ni karani wa mahakama.

Hivi umesahau, au unajitia hamnazo? Qala hii Buttigieg tumejaa kama vichaka vya kapari vinavyojiotea ukutani. Ni nani hapa anayemwita mtu Karmnu Buttigieg, isipokuwa polisi? Wazee wenye jina hilo walikuwa wawili, wote wakulima, wote na mtoto ng'ambo, maana Gozo nani hana mtoto ng'ambo? Mmoja ni baba yako, Tal-Ħmara, wa Punda Jike. Wa pili ni Sulfarina, yaani Kiberiti, yule aliyewashtaki nusu ya kijiji kwa mipaka ya mashamba na nusu nyingine kwa maji ya kisima.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Baba yako watu walijua yu hospitalini na anapona, maana Jumapili iliyotangulia nilituma habari kwamba amekula sahani nzima ya sungura na anadai divai. Sulfarina alikuwa kitandani na nimonia, gari la daktari limesimama mlangoni kwake siku mbili. Tangazo likasomwa. Kijiji kizima kikasema: Kiberiti kimezimika. Pale kwenye duka la mkate mtu akauliza, "Mtakwenda kumzika?" Wakamjibu, "Azikwe na mawakili wake!" Wakafunga milango wakala chakula chao cha mchana.

Kengele ikalia, na kiwanja cha kanisa kitupu. Nilisimama ngazini na lile jeneza nikingoja watu watokee. Padri akatazama saa. Nikamwomba dakika tano, akanipa, nikamwomba tano nyingine. Graziella akaniuliza, "Mama, kwani Babu aliwakosea nini?" Nilidhani wametususa. Nilidhani nimefanya jambo.

Ndipo akatokea wa kumi. Amevaa koti juu ya nguo za kulalia, amejifunga skafu, anakohoa kama trekta bovu. Sulfarina! Wale bibi wawili wakapiga ishara ya msalaba, mmoja akaketi chini palepale. Nikamuuliza, "Mjomba, umekuja kufanya nini na homa yote hiyo?"

Akanijibu, "Nimesikia redioni nimekufa. Nikajigusa, nikajikuta moto. Maiti huwa baridi. Basi kama siye mimi, ni Tal-Ħmara. Qala nzima mtu pekee aliyejua hivyo ni mimi."

Wanaume wa gari wakamkataza, asisikie. Akaweka bega lake chini ya jeneza, akalibeba mpaka ndani, akikohoa njia nzima. Karibu na altare akaninong'oneza, "Wanadhani ndiye mimi, eh? Ndiyo maana hawakuja." Nikamshika mkono. Akasema, "Hata mke wa mdogo wangu hakuja." Nilimwona akifuta macho kwa ile skafu, na sijui alikuwa akimlilia nani.

Kesho yake, kijiji kilipompata Sulfarina dukani akinunua mkate, ndipo walipojua. Wakanijia mlangoni. Yesu na Maria, nilivyotukanwa! Ċetta, binti wa marehemu mkunga, alisimama barazani kwangu mtaa mzima unasikia: "Umemzika Karmnu wetu kama mwizi! Punda wake alimbeba mama yangu miaka yote ya vita, ukaninyima hata ua moja la kumtupia?" Nami nikainamisha kichwa, nikasema tangazo lilikosewa. Sikukutaja. Mpaka leo sijakutaja. Nimeibeba aibu yako peke yangu, halafu wewe unaniletea tai!

Na hiyo faksi yenye tai wako wa Aragon ya Hispania, nembo uliyouziwa huko na kampuni isiyojua hata Gozo iko upande gani wa bahari, mchana huu nilimpelekea Mwalimu Wistin. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akikuvuta masikio. Amestaafu, siku hizi kazi yake ni kusoma daftari za parokia. Aliisoma, akavua miwani, akacheka mpaka mkewe akaja kuchungulia.

Akaniambia, "Aragon gani, mwanangu? Buttigieg ni Kiarabu kitupu, cha babu zetu wenyewe. Baba wa kuku. Mfuga kuku, au muuza kuku. Jina hili lilikuwa humu visiwani kabla wale wapiganaji wa Mtakatifu Yohana hawajashuka melini na nembo zao." Akafungua kitabu cha simu. Hapa Qala, safu kwa safu. Kijiji jirani cha Nadur wapo, Malta wapo. Akanihadithia waliokwenda Tunis na Aleksandria kutafuta riziki zama za babu wa babu zetu, kisha Detroit, Toronto, na huko kwenu Melbourne. "Kote huko ni baba wa kuku," akasema. "Wasomi wanaweza kubishana juu ya hili na lile, lakini huyo tai hajatoka banda letu."

Kwa hiyo, mdogo wangu, umemkimbia punda ukaangukia kuku.

Najua unachokionea aibu. Nakumbuka wale watoto shuleni waliokulilia hii-hoo, hii-hoo ukipita. Hata mimi walinililia, niliwapiga kwa kiatu wakanyamaza. Lakini ulipokua, hukuuliza punda huyo alitoka wapi? Ulidhani ni tusi tu? Baba yako hakuwa mtu wa kujisifu, basi nitasema mimi.

Mwaka wa arobaini na mbili, vita vimetukaba, mafuta ya gari hakuna, mkate kwa vipande. Punda jike alikuwa wake. Kila mwanamke aliyeshikwa na uchungu katika Qala, baba yako alimpandisha mkunga juu ya punda akamkimbiza, yeye mwenyewe kwa miguu, ndege za vita zikipita juu. Wagonjwa pia, mpaka hospitalini Rabat, mji wetu wa hapa Gozo. Nusu ya watu wazima wa leo hapa walipokelewa duniani kwa sababu punda yule hakuchoka. Hao ndio waliokosa kumzika, na wameumia. Lakabu ile hakuirithi kwa mtu. Aliichuma kwa nyayo zake, nasi jamaa zake wote tukaitwa kwayo. Na wewe, mwanawe wa pekee, unaamuru isiwekwe.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Sikudhani nitakuja kukuambia wewe.

Sasa fungua ile bahasha ndogo niliyoitia humu. Niliikuta kwenye droo ya baba yako, chini ya rozari ya mama yako. Ifungue taratibu, imekatika kwenye mikunjo kwa kusomwa. Ni barua yako ya kwanza kutoka Melbourne, ya mwaka wa sitini na nane, una miaka kumi na tisa. Soma mstari wa nne. Mimi nimeshausoma mara nyingi hata naujua: "Baba, bandarini sikumjua mtu na nilikuwa nataka kurudi melini. Mzee mmoja akaniuliza kwa lugha yetu, wewe ni wa nani? Nikamwambia Buttigieg, akasema Buttigieg tuko mia hapa. Nikamwambia wa Punda Jike. Akalia, Baba, akaninyang'anya sanduku langu, akanipeleka kwake nikalala miezi saba."

Mwandiko ni wako. Hakuna tai aliyekupokea.

Basi hili ndilo neno langu, na halina mjadala. Salvu anaanza Jumatatu. Ataandika Karmnu Buttigieg, na chini yake Tal-Ħmara, kwa herufi kubwa kama zile zako. Kuku wako wa vichwa viwili mtundike sebuleni kwako, akupendeze. Misa ya siku thelathini ni tarehe tatu Desemba, saa kumi na moja jioni. Tangazo nimeliandika mimi, na tayari Ċetta amesema kiwanja hakitatosha. Njoo, Vitor. Kiti cha mbele nakuwekea. Na ukishuka bandarini Mġarr, mtu akikuuliza wewe ni wa nani, ujue la kumjibu.

Nisalimie wifi yangu Lynette, mwambie nasuka ile kamba ya vitunguu saumu niliyomwahidi. Wabusu Darren na Kylie, na mwaka huu uwahadithie habari za punda, la sivyo nitawaandikia mimi mwenyewe. Mwalimu Wistin anakusalimu, anasema masikio yako bado anayadai. Salvu pia. Na Sulfarina, ambaye nimonia imemwacha na siku hizi nampelekea mchuzi kila Jumatano, ameniomba nikuandikie neno lake vile vile alivyolisema: "Mwambie kijana sina kinyongo naye. Na nikifa mimi, Ġiġa, tangazo langu liandike kama lile lake, bila lakabu. Huenda wakaja kwa kudhani ni mtu mwingine."

Mungu akulinde, akupe safari njema, na Mama Maria akufunike kwa joho lake, mkaidi wee.

Ni mimi nikupendaye na nisiyemaliza kukukasirikia,

dada yako,
Ġiġa Tal-Ħmara