Sangara wa Shemeji Amefufuka

Shoga, uko wapi? Soma haraka, nimejifungia chooni hapa hapa kwenye mashindano ya uvuvi.

Sangara wetu alikufa. ALIKUFA, nakuapia! Jua la leo unalijua, na samaki aliyekufa hapimwi. Mimi ndiye niliyechomoa waya wa pampu ya hewa ya tangi nichaji simu, nikasahau kuurudisha. Kufunua tangi, maji ya moto kama ya kuoga, samaki tumbo juu. Nikarudisha waya, nikafunika, kimya.

Mara shemeji anaaga eti anaenda boti ya rafiki yake kuomba barafu. Akarudi na ndoo, kaifunika taulo, na ndoo inatikisika. Tangu lini barafu ikapiga mkia?

Sasa hivi kwenye mzani katoa sangara anarukaruka, watu wanashangilia. Shoga, wetu alikuwa na pezi lililochanika. Huyu mapezi yote mazima!

Nikamvuta pembeni. "Shemeji, huyu ndiye yule yule kweli?"

Akacheka kidogo. "Ndiye, shemeji. Barafu imemzindua. Vipi, simu yako imejaa chaji?"