Kioo Kinasema Hakuna Ishara

Jumapili, 3 Machi
Kioo cha kompyuta kimezimika! Katikati ya maneno. Saa kumi na robo, binti yangu kapiga, yuko mbele yangu kiooni kama kila Jumapili, kichwani bado kafunga kitambaa cha kazini, ananiambia kwa mikono: Mama, kuna jambo. Nikamjibu: Sema. Mkono wake ukaanza kwenda kifuani — giza. Kisha maandishi madogo ya Kizungu yakaanza kuelea huku na huku kama inzi. Mashine inanguruma chini ya meza. Kioo hakina habari.

Kifuani! Sisi tunaosema kwa mikono, kifuani kwetu huanzia mengi. Kupenda. Kuumwa. Kujuta. Ni lipi?

Nimezima, nimewasha. Mara nane.

Jumatatu, 4 Machi
Nimemwandikia ujumbe asubuhi kazini, vidole vimelowa — mashuka ya hospitali hayamsubiri mtu. Kioo kimekufa, niandikie hilo jambo. Akajibu: "Hili siandiki mama. Nataka nione uso wako nikikwambia."

Basi. Miaka ishirini na sita nalea mtoto asiyesikia, leo mimi ndiye nisiyeona.

Jumanne, 5 Machi
Kaka yangu kaja. Mtaa mzima wanamwita Profesa, maana hakuna asilolijua mpaka umpe alifanye. Akakipiga kioo kofi la ubavuni kama redio ya marehemu baba. Akapuliza matundu. Akachomoa waya zote nyuma ya mashine, akazilaza sakafuni, halafu akasahau ipi ilitoka wapi. "Dada, tulia, hii ni sayansi." Sayansi ya saa nzima! Mwisho spika zikalia ting, kioo kikabaki vilevile. Akaomba chai.

Simu yangu ni ya vitufe, haina kamera; nikamwomba yake. Kamera ilishapasuka, akasema, tangu aikalie.

Nilicheka. Halafu nikaingia chumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu.

Alhamisi, 7 Machi
Mwenzangu wa meza ya pasi ana simu kubwa. Mchana tukajificha nyuma ya chumba cha kufulia, akampigia binti yangu. Nikamwona! Yaani — paji la uso. Picha inaganda, inaruka, vidole vyake vinageuka ukungu. Nikamwonyesha: Polepole. Ukungu. Rudia. Ukungu. Kisha ikaganda kabisa, macho yanaangalia pembeni. Alikuwa anatazama nini? Au kuna mtu kaingia? Msimamizi akaita, mashuka ya wodi ya wazazi yanadaiwa.

Mwenzangu kasema binti kanawiri. Ameona wapi, kwenye paji la uso?

Ijumaa, 8 Machi
Nimeunguza mashuka mawili.

Jumamosi, 9 Machi
Fundi kaja, wa kweli huyu, ana bisibisi zilizopangwa kwa ukubwa. Kaleta waya wake mwenyewe. Wapi. Kafungua mashine, kaifuta vumbi kwa brashi, kanusa. Kanusa! Kasema kosa haliko kwenye kioo.

"Kioo kizima, mama. Hakiletewi kitu tu. Kidude cha ndani kinachotengeneza picha kimeungua." Akanisomea yale maandishi ya inzi. "Kinasema hakuna ishara."

Nikacheka mpaka machozi. Maskini fundi akadhani nimemcheka yeye. Nikamweleza: mwanangu ni kiziwi, ndani ya nyumba hii tunaishi kwa ishara. Akageuza bisibisi mkononi.

Kidude hicho hakipatikani kabla ya Jumatano. Nikamuuliza, na kesho je? Kasema binti akipiga, mashine itapokea yenyewe, alishaipanga hivyo. Kamera nzima, spika nzima. "Yeye atakuona, mama. Wewe ndiye hutamwona."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mzazi mwenyewe haujui ni uchungu wa nini.

Jumapili, 10 Machi
Saa kumi. Imeita, ikapokea yenyewe. Taa ya kamera kijani. Profesa yuko nyuma yangu kwenye stuli, nimemkataza kusogea.

Nimemwambia kwa mikono: Sikuoni. Unaniona? Uso wangu huu hapa. Niandikie kwenye simu.

Simu kimya. Kule kwake kiti kimekwaruza sakafu.

Halafu — sauti! Yake! Alikuwa na miaka tisa, mwalimu akimfundisha kutamka, wenzake wakamcheka, akafunga mdomo. Hajaufungua tena, hata mbele yangu. Sauti nene, inakwama, inapitia puani. Neno moja.

Profesa karuka mpaka stuli imeanguka. "Naolewa! Dada, kasema naolewa!" Anapiga makofi, ananitikisa mabega.

Mimi sikusikia hivyo. Nimesikia naonewa.

Nimemwomba arudie. Karudia. Naliandika papa hapa kabla halijanitoka sikioni: na-o-e-wa. Pale katikati ulimi haukufika. Herufi moja tu!

Profesa anauliza mkwe ni nani. Kule sisikii kicheko. Nasikia pumzi.

Na uso wangu — umekaaje? Yeye anauona. Nisije nikafurahi bure, nisije nikalia bure. Nimejaribu kuukaza usiseme kitu.

Nimemwambia: Gonga meza. Mara moja, harusi. Mara mbili, unaonewa.

Nimemziba Profesa mdomo kwa kiganja. Naandika kwa mkono uliobaki.

Ngo.

Moja. Profesa anataka kupiga kelele, nimembana. Subiri. Nasikiliza kama kuna ya pi—