Kaburi la Baba Aliye Hai

Muscat, Jumatatu

Mama yangu, shikamoo.

Baba ameondoka nyumbani tangu Alhamisi, na mimi ndiye niliyemwondoa. Nianzie hapo, ndipo nikuulize magoti yanaendeleaje na kama mahindi ya Ntalikwa yamepata mvua. Mimi mwili mzima, na cherehani zangu sita zinafanya kazi. Uso wa kukutazama ndio sina.

Wale wanaotengeneza filamu ya kitabu changu walinipigia simu. Kule mjini, Kanyenye, walikuwa wamemaliza: duka la kina Karim, foleni ya sukari, mimi wa miaka kumi na tisa nikimpenda mtu aliye nyuma ya kaunta. Ulibaki msiba wa baba wa yule binti. Unajua kitabuni nilimuua Baba, na unajua kwa nini. Kina Karim walikataa mkwe Mkristo, nanyi mkakataa mkwe Mwislamu, sawa, lakini Baba alinifuata hadi dukani: "Huyu anakupimia sukari tu, wewe umeshajipimia ndoa!" Foleni nzima ilicheka. Mpaka leo nawasikia.

Basi mwongozaji akauliza, "Dada, tuchimbe wapi?" Nikajibu kama naagiza meza: "Nyuma ya nyumba yetu. Futi sita kwa tatu, kina cha futi nne kinatosha, kamera haioni chini zaidi." Baba sikumuuliza. Wewe nilikuambia tu kwamba watapiga picha uani.

Yaliyofuata ulinificha, mdogo wangu Neema ndiye aliyenieleza. Walipiga picha zao, wakafukia shimo tupu, wakaenda. Mimi mtoto wa Ntalikwa nilijua kwamba kwetu kaburi likikosa mtu huzikwa mgomba, lisije likamdai mwenye nyumba, na sikuwaambia. Asubuhi Mzee Masanja, mtani wa Baba, akaingia akipiga kelele, "Wali wa matanga uko wapi? Marehemu, nipakulie!" Siku zote Baba angemrudishia. Safari hii akaweka kikombe chini. "Siwezi kunywa chai nikitazama kaburi langu." Akapanda treni kwenda kwa Baba Mdogo, Kaliua.

Nimemwomba Baba Mdogo aje azike mgomba, amekubali. Imebaki filamu. Mkataba unaniruhusu kuondoa tukio moja. Mwongozaji analalamika, "Dada, bila msiba hatuna mwisho!" Nimemwambia aandae mwisho mwingine, ikibidi.

Nisalimie Baba Mdogo na mkewe, Neema atakayekusomea haya kwenye simu yake, na Mzee Masanja. Mwambie asijilaumu, utani ni haki yake.

Baba hapokei simu yangu. Mfikishie swali: msiba uondolewe au ubaki? Nikikosa jibu utabaki, maana kuuondoa bila neno lake ni kumwamulia tena. Usiniambie amesikia, wala kwamba amemwachia Mungu. Nataka neno moja kwa sauti yake, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, wanapofunga kazi. Na aanze kwa kuniita jina langu. Ana miaka arobaini hajaliita.

Mwanao,
Eliza