Nyasi za Uwanja wa Mama

Jumatatu, 8 Julai 1974
Ndoo nne za maji kabla ya shule, kama jana na juzi. Mgongo unalia. Mapande yote kumi na tisa ya nyasi bado ya kijani. Niliyachonga kwa jembe kijijini kwetu Muleba, kwenye uwanja wa marehemu mama, siku moja kabla kaka hajauchimbua apande mihogo. Nyumba ilishaanguka. Kilichobaki cha mama ni hizi nyasi, hapa Nshambya, mbele ya mlango wangu.

Jumatano, 10 Julai
Jua kali. Bomba la mtaani kavu. Maji nayafuata chemchemi, bondeni. Balozi wetu wa nyumba kumi, Ta Deo, amenikuta nahema na ndoo. "Waitu Mwalimu, hizo utazipika na samaki au na maharage?" Kacheka. Kisha akaacha kucheka: amri ni kila kaya ilime chakula, na mimi ndiye ninayewafundisha watoto hivyo. Aibu. Nimemwagilia hata hivyo.

Alhamisi, 11 Julai
Nyasi zimeanza kukunjamana. Nikapata wazo la kisomi. Nimeleta mzigo wa majani makavu kutoka mbugani nikazifunika, unene wa kiganja, kama tunavyofunika migomba. Kiangazi hakijaua mgomba wangu hata mmoja. Nimejisifu sana.

Jumatatu, 15 Julai
Nimefunua. Njano tupu. Nyingine zinanuka. Mgomba kichwa chake kiko juu. Nyasi nimezizika hai. Miaka arobaini na sita, na cheti cha ualimu ukutani.
Mke wangu kachungulia: "Baba Koku, umezivundika kama ndizi za pombe ya lubisi?"
Nikacheka naye. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia. Juu ya nyasi hizo mama alitunyoa sote, watoto sita, wembe mmoja, mmoja wetu akikimbia kila mara. Mara nyingi mimi.

Alhamisi, 18 Julai
Kumi na mawili yamekufa. Yale saba nayapa maji kidogo kidogo kwa kopo, alfajiri na jioni. Mchana nayawekea kivuli cha jani la mgomba, juu ya vijiti. Palipokufa nimepanda viazi vitamu. Ta Deo kapita, kaona, kakohoa tu.

Jumamosi, 27 Julai
Ncha mpya kwenye mapande matano. Dada yangu Ansila kafika kwa basi kutoka Muleba. Sikumwambia nyasi ni za wapi. Kavua kandambili, kasimama juu ya nyasi, kajipapasa kichwa kama aliyenyolewa sasa hivi. Mtu mwingine ningemfukuza.
Jioni bado yupo pale; maji ya nyasi nimeyamwaga kwenye viazi.